Pai ya rubabu ya Minnesota: kuchuma, kuoka na kuhifadhi

Minnesota na Wisconsin ni majimbo ya kaskazini mwa Marekani ambako theluji huweza kuanguka hata mwezi wa Aprili. Kabla ya majokofu kuingia majumbani, miezi ya Aprili na Mei ilikuwa migumu kwa mpishi wa vitamu: tufaha zilizowekwa ghalani tangu vuli zilikuwa zimekwisha au zimesinyaa, na stroberi za kwanza zilikuwa bado zinangojewa hadi katikati ya Juni. Katika pengo hilo, kitu cha kutia ndani ya pai kilichokuwa kikichipua uani ni rubabu, mmea wenye majani mapana na vikonyo virefu, vyekundu au vya kijani, ambavyo ndivyo huliwa. Mzizi wake hulala chini ya theluji majira yote ya baridi na huchipua mara tu udongo unapoyeyuka, kwa hiyo pai ya rubabu ikawa pai ya kwanza ya mwaka. Hadi leo, ingawa maduka yana matunda ya kila namna mwaka mzima, pai hii huokwa zaidi kati ya Mei na mwanzo wa Julai, katika nyumba za watu, katika migahawa midogo ya barabarani na katika karamu za makanisa ambako kila mama huleta ya kwake.

Asili ya rubabu ni Siberia na nchi jirani za Asia. Kwa zaidi ya miaka 2,000 Wachina wametumia mizizi ya jamaa zake kama dawa ya kulainisha choo. Ulaji wa vikonyo ni jambo la juzi, kwani haukuenea Uingereza wala Marekani hadi sukari iliposhuka bei kati ya mwisho wa karne ya 18 na karne ya 19. Walowezi waliohamia magharibi walibeba vipande vya mzizi, kwa sababu rubabu inayooteshwa kwa mbegu haifanani na mama yake, na majirani waligawiana vipande hivyo bila malipo, desturi ambayo haijafa. Katika mashamba ya zamani yaliyohamwa unaweza kukuta nyumba imebomoka na zizi limelala, lakini pale ulipokuwa mlango wa jikoni rubabu ingali inachipua. Wakenya na Waswahili wengine wengi wanaoishi Minneapolis na vitongoji vyake huenda wanao mmea huu nyuma ya nyumba waliyopanga bila kuutambua. Madukani kibandiko chake huandikwa rhubarb.

Watu wa huko wanauonea fahari mmea huu kuliko unavyostahili mboga. Mji mdogo wa Lanesboro, kusini-mashariki mwa Minnesota, ulitambuliwa na bunge la jimbo mwaka 2008 kuwa makao makuu ya rubabu ya Minnesota, na mbali zaidi, katika jimbo la Washington, mji wa Sumner hujiita makao makuu ya pai ya rubabu duniani. Nimesema mboga kwa makusudi. Mwaka 1947 mahakama ya forodha huko Buffalo, New York, iliamua kwamba kwa ajili ya ushuru rubabu ihesabiwe kuwa tunda, kwa kuwa Wamarekani huila kama tunda, na uamuzi huo uliwafaa waagizaji kwa sababu ushuru wa matunda ulikuwa mdogo. Jikoni, hata hivyo, uamuzi wa mahakama haubadilishi kitu: unachopika ni kikonyo cha jani, ambacho zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za uzito wake ni maji, kina sukari kidogo sana, na ni kichachu mno. Maelekezo mengi ya mapishi hutoa kipimo kimoja cha sukari na kimoja cha unga kwa rubabu yoyote ile, iwe nyembamba ya Mei au nene ya mwisho wa Juni, na hapo ndipo pai nyingi zinapoishia kuwa supu iliyofunikwa kwa ganda. Mwongozo huu una vipimo, lakini unakutaka ukitazame kikonyo kwanza.

Kuchuma na kununua

Kikonyo kilicho tayari kina urefu wa sentimita 25 hadi 40, ni kigumu, kinang'aa, na ukikikunja huvunjika kwa mlio. Kishike karibu kabisa na ardhi, kizungushe kidogo huku ukikivuta upande wa nje, nacho kitang'oka chenyewe pamoja na tako lake jeupe. Usikikate kwa kisu, kwa sababu kisiki kinachobaki huoza na uozo huo huweza kuingia kwenye mzizi. Mmea uliopandwa mwaka huu usiguswe kabisa. Wa mwaka wa pili uchumwe kidogo sana, kwa juma moja au mawili. Kuanzia mwaka wa tatu unaweza kuchuma kwa majuma manane hivi, mradi kila mara uache angalau nusu ya vikonyo mahali pake ili majani yaendelee kuulisha mzizi.

Majani yakatwe papo hapo, uani, kabla vikonyo havijaingia jikoni, kwa sababu majani ya rubabu ni sumu. Yana asidi ya oksaliki kwa wingi pamoja na kemikali nyingine zenye madhara, na kuyachemsha hakuyafanyi yalike. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, chakula kilipokuwa haba nchini Uingereza, watu walishauriwa kuyala kama mchicha, na ushauri huo ulisababisha vifo. Unaweza kuyatupa kwenye lundo la mboji bila wasiwasi, kwani huoza kama majani mengine. Vikonyo vyenyewe vina asidi hiyo kwa kiasi kidogo kisichomdhuru mtu mwenye afya, lakini mwenye ugonjwa wa figo au aliyewahi kupata mawe ya figo afuate ushauri wa daktari wake, kama vile anavyopaswa kujihadhari na mbilimbi, ambazo uchachu wake unatokana na asidi hiyohiyo.

Mei ina hatari yake nyingine. Baridi kali ya usiku inaweza kurudi baada ya mmea kuchipua, na asubuhi ukakuta majani yamekuwa meusi na vikonyo vimelegea. Vikonyo vilivyolegea na kuwa teketeke vyote ving'olewe na kutupwa, kwa sababu inahofiwa kwamba asidi ya majani hushuka ndani yake, na hata isiposhuka, ladha yake imeharibika. Vilivyobaki vimesimama wima na vigumu vinalika.

Kuhusu rangi, msomaji asidanganyike. Wekundu si dalili ya utamu wala ya kuiva. Aina kama Canada Red na Valentine ni nyekundu hadi ndani na hutoa pai inayopendeza macho, ilhali Victoria, aina ya Kiingereza ya karne ya 19 ambayo bado imejaa katika bustani za kale, huwa ya kijani sehemu kubwa na ikiiva ndani ya pai hugeuka rangi ya zeituni iliyochujuka. Pai hiyo ya kijani ni nzuri kinywani kama ile nyekundu, na pengine ni kali zaidi kwa namna inayopendeza. Wanaodondoshea rangi ya chakula wanafanya hivyo kwa ajili ya macho ya wageni. Kwa mnunuzi wa dukani, kinachotazamwa ni ncha zilizokatwa: zikiwa kavu na zimepasukapasuka, mzigo umekaa siku nyingi. Ukifika nyumbani, funga vikonyo kwa kitambaa chenye unyevunyevu na uviweke jokofuni, navyo vitakaa juma zima.

Sasa onja. Kata kipande kibichi chenye ukubwa wa ncha ya kidole na ukitafune. Watoto wa Minnesota hula vikonyo vibichi kwa kuvichovya kwenye bakuli la sukari, kwa hiyo hakuna cha kuogopa. Vikonyo vyembamba vya mwanzo wa msimu ni laini na uchachu wake ni safi. Vile vinene kama kidole gumba au zaidi, vya baada ya mvua za Juni, vina maji mengi na nyuzi ngumu upande wa nje, na nyuzi hizo zikiwa nyingi zichunwe kwa kisu kidogo kuanzia ncha moja. Kumbuka ulichokionja, kwa maana kitaamua kiasi cha sukari.

Ganda la pai

Kwa bakuli la pai la kipenyo cha sentimita 23, lenye ganda la chini na la juu, unahitaji gramu 320 za unga wa ngano mweupe wa kawaida, kijiko kidogo kimoja cha chumvi, kijiko kikubwa kimoja cha sukari, gramu 225 za siagi iliyotoka jokofuni sasa hivi, na mililita 90 hadi 120 za maji ya barafu. Bakuli la kioo ndilo ninalolipendekeza, kwa kuwa linakuwezesha kuona kama sehemu ya chini imekauka na kupata rangi. Bakuli na sufuria za alumini tupu, chuma cha kusubu au shaba ziepukwe, kwa sababu uchachu wa rubabu hula madini hayo na kuacha ladha ya chuma mdomoni. Kioo, udongo uliopakwa rangi ya kioo na chuma kisichoshika kutu havina tatizo.

Bibi wa mashambani huko walitumia mafuta ya nguruwe badala ya siagi, na wapo wanaoyatumia hadi leo kwa sababu hutoa ganda lenye matabaka mengi. Mwislamu anayenunua pai kwenye maonyesho au katika mauzo ya kanisa aulize kwanza, kwani mafuta hayo hayaonekani wala hayanuki. Anayeoka nyumbani anaweza kutumia siagi peke yake, kama nilivyoandika hapa, au siagi nusu na mafuta ya mimea yaliyoganda nusu.

Mtu aliyezoea kukanda unga wa chapati anapaswa kuizuia mikono yake hapa. Chapati hutaka unga ukandwe mpaka uwe laini na wenye kuvutika. Ganda la pai hutaka kinyume chake, kwa sababu kuvutika huko ndiko kunakolifanya kuwa gumu na kusinyaa ndani ya oveni. Changanya unga, chumvi na sukari, tia siagi iliyokatwa vipande vya sentimita moja, kisha ipondeponde kwa ncha za vidole upesi, ukiacha vipande vingi vikiwa na ukubwa wa punje za mbaazi. Vipande hivyo vikiyeyuka ndani ya oveni hutoa mvuke, na mvuke huo ndio unaotenganisha matabaka. Nyunyiza maji kijiko kimoja kimoja huku ukikoroga kwa uma, na uache mara tu unapoona kwamba ukifumbata konzi moja ya mchanganyiko, inashikana. Mchanganyiko ulio sawasawa huonekana kana kwamba haujakamilika, wenye nyufa na unga mkavu hapa na pale. Gawanya mara mbili, fungu moja liwe kubwa kidogo, bonyeza kila fungu liwe duara nene, lifunge kwa karatasi ya plastiki na uliweke jokofuni kwa saa moja. Katika muda huo maji husambaa yenyewe na nyufa nyingi hujifunga.

Fungu kubwa lisukume kwa mti wa kusukumia chapati, juu ya kibao kilichonyunyiziwa unga, mpaka liwe duara la sentimita 30 hivi na unene wa milimita tatu. Lilaze ndani ya bakuli bila kulivuta. Likitaka kufika pembeni liinue na kulishusha, kwa sababu kila sehemu iliyovutwa hurudi nyuma wakati wa kuoka. Bakuli lirudi jokofuni huku ukitayarisha mchanganyiko wa ndani.

Mchanganyiko wa ndani

Osha vikonyo, kata ncha zote mbili, na ukate vipande vya sentimita moja na nusu mpaka upate gramu 750, ambazo hujaza vikombe vitano hadi sita vya Kimarekani. Vipande vidogo zaidi ya hivyo huyeyuka na kuwa uji.

Sukari ya wastani kwa kiasi hicho ni gramu 275. Vikonyo vyembamba vya mwezi wa Mei vinatosheka na 250, na vile vya mwisho wa msimu huenda vikahitaji 300, lakini nisingevuka hapo, kwa kuwa pai ya rubabu iliyopoteza uchachu wake haina sababu ya kuwapo. Msomaji aliye Uingereza anayetumia rubabu ya Yorkshire ya majira ya baridi apunguze hadi 200. Rubabu hiyo hukuzwa ndani ya vibanda vyenye giza katika eneo lililo kati ya Wakefield, Morley na Rothwell, huchumwa kwa mwanga wa mishumaa kuanzia Januari ili mwanga wa jua usiifanye kuwa ngumu, na tangu mwaka 2010 jina lake linalindwa kisheria barani Ulaya. Ni ya waridi, laini sana na haina ukali wa rubabu ya uani, kwa hiyo kuipa gramu 300 za sukari ni kuizika.

Cha kuzuia maji kina machaguo matatu. Unga wa ngano, gramu 50, ndio wa jadi, nao hutoa mchuzi mzito usiopenya mwanga. Wanga wa mahindi, gramu 35, hutoa mchuzi unaong'aa, ingawa hupoteza nguvu ukikaa muda mrefu katika uchachu mkali. Ninachokipendelea mimi ni wanga wa muhogo, gramu 40, ambao waokaji wa Minnesota huununua dukani katika punje ndogo nyeupe zinazoitwa tapioka: hustahimili uchachu, haufichi ladha, na pai yake ikigandishwa na kuyeyushwa haiachi maji. Anayetumia punje badala ya unga laini auache mchanganyiko ukae dakika 15 kabla ya kuumimina, ili punje zinywe maji.

Ongeza chumvi kidogo, maganda ya chungwa moja yaliyokwanguliwa juujuu, na usimame hapo kwa mara ya kwanza. Tangawizi huelewana na rubabu vizuri, na Waingereza wanalijua hilo tangu zamani. Iliki nayo haitakuwa ngeni kama mtu anavyoweza kudhani, kwa sababu wazao wa Waswidi na Wanorwei waliojaa Minnesota huitia katika mikate yao mitamu kwa wingi. Nusu kijiko kidogo cha iliki iliyosagwa sasa hivi inatosha pai nzima. Mdalasini huufunika uchachu, na mimi huuachia pai ya tufaha.

Ikiwa vikonyo vyako ni vyembamba na vikavu kiasi, changanya vyote na uendelee mara moja. Ikiwa ni vinene na vya majimaji, usitegemee wanga peke yake. Nyunyizia sukari juu ya vipande, koroga, na uviache saa moja. Sukari itayavuta maji nje na utakuta chini ya bakuli mchuzi wa waridi wenye kina cha vidole viwili. Chuja mchuzi huo ndani ya sufuria isiyo ya alumini, uuchemshe mpaka ubaki nusu na uanze kuwa mzito, uache upoe, kisha uurudishe juu ya vipande pamoja na wanga. Kazi hii inaongeza muda kidogo na kupunguza mashaka mengi, na ladha haipotei kwa sababu hakuna kilichomwagwa isipokuwa mvuke.

Mimina ndani ya ganda, weka juu vipande vichache vya siagi, kisha sukuma fungu la pili la unga. Unaweza kulifunika zima na kulitoboa matundu sita au saba ya kutolea mvuke, au ulikate mikanda ya upana wa sentimita mbili na kuisuka, mmoja juu mmoja chini. Mikanda ina faida halisi kwa rubabu hasa, kwani huachia mvuke mwingi zaidi kutoka. Bana kingo kwa vidole, paka maziwa juu na unyunyize sukari kidogo.

Kuoka na kungoja

Oveni iwashwe mapema hadi nyuzijoto 220 za Selsiasi, ambazo kwenye oveni za Marekani husomeka 425, na ndani yake, katika ngazi ya chini, liwekwe sinia la chuma lipate moto. Pai huwekwa juu ya sinia hilo. Linafanya kazi mbili: joto lake hukausha ganda la chini kabla mchuzi haujalilowesha, na hupokea mchuzi utakaomwagika, maana utamwagika tu. Baada ya dakika 20 punguza joto hadi 190, yaani 375 za Marekani, na uendelee kwa dakika 35 hadi 45 nyingine. Kingo zikianza kuwa na rangi iliyozidi, zifunike kwa karatasi ya alumini.

Saa peke yake haitakuambia kama pai imeiva, wala rangi ya ganda. Tazama mapovu katikati, kwenye tundu au kati ya mikanda. Mwanzoni huonekana pembeni tu, nayo ni madogo, mepesi na hupasuka mara moja kama ya maji yanayochemka. Wanga ukishafanya kazi, mapovu hutokea hadi katikati, huwa makubwa, hupanda polepole na kupasuka kwa uvivu yakiacha shimo linalojifunga taratibu. Wanga hauwezi kuushika mchuzi ambao haujafikia kuchemka, na katikati ndiko joto linakofika mwisho. Anayetoa pai wakati pembeni tu kunachemka atakuwa na pai ya majimaji hata akizidisha wanga mara mbili. Ni afadhali dakika kumi za ziada kuliko tano pungufu.

Kisha iache juu ya waya, isiguswe, kwa saa nne. Katika karamu hizi za kanisa pai huokwa jioni ya siku iliyotangulia, na haiokwi mapema kwa ajili ya kumrahisishia mpishi tu: mchuzi wa moto bado ni maji, na huganda kadiri unavyopoa. Huliwa kwa aiskrimu ya vanila na kahawa isiyo kali, na kipande kilichobaki huliwa asubuhi bila mtu kuona haya.

Pai ya mayai

Vijijini, hasa katika nyumba za wenye asili ya Kijerumani, kuna pai nyingine ambayo wazee wengi huihesabu kuwa ndiyo yenyewe. Hii hutumia ganda la chini tu. Tandaza gramu 500 za vipande vya rubabu, kisha piga pamoja mayai matatu, gramu 275 za sukari, vijiko vikubwa vitatu vya unga wa ngano, chumvi kidogo na nusu kijiko kidogo cha kungumanga iliyokwanguliwa, na umimine juu. Ioke dakika kumi kwa nyuzijoto 220, halafu dakika 40 hadi 45 kwa 175, ambazo ni 350 za Marekani, mpaka kingo zishike na katikati kutikisike kidogo tu unapolisukuma bakuli. Rubabu hupanda juu, mayai hushika chini, na uchachu hupoozwa bila kuzimwa. Kwa anayeoka kwa mara ya kwanza naona hii ni rahisi kuliko ile ya ganda mbili, kwa sababu mayai huyashika maji kwa uhakika. Kwa kuwa ina mayai, masalio yake yakae jokofuni na yaliwe ndani ya siku tatu.

Watu wataniuliza kuhusu stroberi. Zinaiva Minnesota katikati ya Juni, rubabu ikiwa inaelekea ukingoni, na kwa majuma mawili au matatu mimea hii miwili hukutana. Ukitaka kuzichanganya, badilisha theluthi moja ya rubabu kwa stroberi, punguza gramu 50 za sukari na uongeze kijiko kikubwa cha wanga, kwa sababu stroberi nazo ni maji matupu. Ni pai nzuri. Lakini ile inayouzwa mwezi wa Novemba kwa jina hilo mara nyingi ni stroberi iliyotiwa rubabu ya kuhesabika.

Mwisho wa msimu

Mwishoni mwa Juni, au juma la kwanza la Julai kwa kuchelewa sana, uvunaji usimame. Wengine husema vikonyo vya baada ya hapo ni sumu, jambo ambalo si kweli. Ni vigumu na havina ladha nzuri, na sababu kubwa ya kuviacha ni kwamba mmea unahitaji majani yake ili kuujaza mzizi chakula cha majira ya baridi. Bua la maua likitokea, refu na nene katikati ya majani, likatwe chini kabisa mara tu unapoliona, kwani maua hula nguvu hiyohiyo. Mmea uliokaa miaka mingi na kuanza kutoa vikonyo vyembamba kama penseli uchimbuliwe mwanzoni mwa majira ya kuchipua, mzizi ukatwe kwa sepeto vipande vyenye macho mawili au matatu kila kimoja, na vipandwe upya umbali wa mita moja, macho yakiwa sentimita tano chini ya udongo. Vipande vya ziada ndivyo vya kumpa jirani.

Rubabu ya ziada huhifadhiwa kirahisi. Ioshe, ikaushe kwa kitambaa, ikate vipande vya ukubwa uleule wa pai, uvitandaze kwenye sinia ndani ya friza mpaka vigande kila kimoja peke yake, kisha uvitie katika mifuko iliyopimwa gramu 750 na kuandikwa tarehe. Vitakaa mwaka mzima. Siku ya kuoka, viyeyushe ndani ya chujio lililowekwa juu ya bakuli, bila kuvikamua, kwa kuwa barafu imeshavunja nyuzi zake na ukivikamua vitabaki makapi. Mchuzi utakaochuruzika uchemshwe mpaka ubaki nusu, kama ilivyoelezwa kwa vikonyo vinene, urudishwe juu ya vipande, na uongezwe kijiko kikubwa kimoja cha wanga juu ya kipimo cha kawaida.